Mstari, Umbo na Rangi katika Kazi za Kale za Pwani ya Tanga

Kusini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 17 kwa njia ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni. Hapo pana msikiti wa mawe uliokwisha kuanguka dari, na kando yake makaburi yapatayo 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Jina lenyewe latokana na neno tongo, yaani mahali palipokuwa na watu kisha pakahamwa. Na katika habari za zamani nchi ile ya pwani yaitwa Mtang'ata. Wataalamu wa mambo ya kale wasema kwamba sehemu kubwa ya majengo hayo ni ya karne ya 14 na ya 15.

Mreno Vasco da Gama alipopita katika bahari hiyo mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama juu ya mafungu yaliyo mbele ya pwani ile. Aliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari mwaka 1499, aliichoma moto huko huko, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamepungua mno kwa maradhi. Habari za merikebu hiyo zimeandikwa katika vitabu vingi. Lakini watu waliolala katika makaburi ya Tongoni hawakuandikiwa kitabu, na makaburi yao mengi hayana hata neno moja la kusomeka. Huko Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lililochorwa mwaka wake katika chokaa, 802 wa Hijra, yaani 1399. Kwa hiyo mwenye kulichunguza ana mahali pa kuanzia. Tongoni mchunguzi hana msaada kama huo.

Basi, kazi ya namna hii tutaisomaje? Jibu la makala haya ni kwamba jengo lisilo na maandishi halikosi maneno yake. Lina mistari, lina maumbo, lina rangi, lina uso ulio laini au wenye kukwaruza, tena limepangwa katika nafasi kwa kusudi. Vitu hivi ndivyo viitwavyo mambo ya msingi ya sanaa zinazoonwa kwa macho. Ajuaye kuvitazama aweza kujua mengi juu ya mtengenezaji: alijifunza wapi, alifanya biashara na nani, na alitaka watu wa baada yake wakumbuke nini. Jambo hili si la anasa. Kwa muda mrefu vitabu viliwafundisha watoto wetu kwamba kazi hizi ni za wageni, na kwamba mwenyeji wa pwani alikuwa mtazamaji tu. Inatupasa kuuliza kazi zenyewe zasema nini.

Mambo ya msingi ni nini

Kila lugha ya wanadamu hutumia sauti chache, na kwa hizo hufanya maneno yasiyo na hesabu. Kiswahili kina irabu tano tu, lakini hakuna awezaye kumaliza kuyataja yanayosemwa kwazo. Hali kadhalika sanaa. Mchoraji, mchongaji, mfinyanzi, mwashi na msuka mikeka wote wana akiba moja, nayo ni ndogo: mstari, umbo, ujazo, mwanga na kivuli, rangi, mguso na nafasi.

Mstari ni njia ipitwayo na ncha ya kitu, iwe kidole mchangani au kisu katika mti. Umbo ni eneo lililofungwa na mstari au lililotengwa kwa rangi, nalo ni bapa, lina urefu na upana tu. Ujazo ni umbo lililopata kina. Kivuli cha mtungi ukutani ni umbo. Mtungi wenyewe, unaoweza kuzungukwa na kushikwa, una ujazo. Mwanga na kivuli ndivyo vinavyolifahamisha jicho kuwa kitu kimeinuka au kimezama. Rangi hatuhitaji kuieleza. Mguso ni hali ya uso wa kitu, kama ni laini ama una mikwaruzo, kama unateleza ama unashika. Na nafasi ni mahali palipo na kitu pamoja na mahali palipoachwa wazi, maana pengo nalo hufanya kazi.

Vitu hivi havina kabila wala nchi. Wanadamu wote wanavyo, kama vile wote walivyo na ulimi na midomo. Yanayotofautiana ni machaguo yao, na mara nyingi katika machaguo hayo ndimo tunamowatambua.

Mstari

Katika pango la Blombos, kusini mwa Afrika, wachimbaji wamepata kijipande cha jiwe kilichochorwa mistari ya kupishana kwa udongo mwekundu, nao wanakisia kwamba kilichorwa miaka ipatayo 73,000 iliyopita. Kwetu Tanzania, katika miamba ya Kondoa, watu wa kale walichora wanyama na binadamu kwa mistari myembamba mirefu ya rangi nyekundu. Mary Leakey alikwenda kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Yaonekana basi kwamba mstari ni mkongwe miongoni mwa mambo haya ya msingi.

Pwani ya Tanga haina miamba iliyochorwa kama ya Kondoa, lakini ina vigae. Chungu huvunjika upesi, bali kigae hakiozi, na mistari iliyochanjwa juu yake udongo ulipokuwa mbichi hubaki karne nyingi. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichimba huko Kwale, kusini mashariki mwa Kenya, akapata vyungu vya wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Midomo ya vyungu hivyo imekatwa pembepembe na kutiwa mifereji myembamba inayozunguka. Vyungu vya namna hiyo hiyo vilipatikana pia katika milima ya Usambara na Upare. Kwa hiyo bara na pwani zilikuwa zimekwisha kushirikiana mkono mmoja wa ufinyanzi zamani sana, kabla ya msikiti wowote wa mawe kujengwa.

Baada ya hao walikuja wafinyanzi wenye desturi nyingine. Tangu karne ya 7 hata karne ya 10 hivi, toka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji, na Pangani ikiwa katikati, vyungu vilichanjwa shingoni safu ya pembetatu, na ndani ya kila pembetatu mistari ya mshazari iliyokwenda sambamba. Felix Chami alieleza kwa urefu habari za vyungu hivi vya Tanzania katika utafiti wake wa mwaka 1994. Tufikiri kidogo juu ya mkono uliofanya kazi hii. Mistari ya sambamba haitoki vizuri kwa haraka. Inataka udongo usiwe umekauka mno wala usiwe na maji mengi, tena inataka jicho lipime nafasi pande zote za shingo, ili pembetatu ya mwisho ikutane na ya kwanza pasipo kubaki pengo. Huo ni ufundi wa kufundishwa. Na kwa kuwa umeenea mwendo mrefu kama huo wa pwani, yatupasa kukubali kwamba watu wa pwani hiyo walisafiri, walioana na walifundishana.

Umbo

Wamisri wa kale walikuwa na kanuni yao juu ya umbo la mtu. Walipomchora, kichwa walikionyesha kwa upande, jicho kwa mbele, mabega kwa mbele, na miguu kwa upande tena. Hawakufanya hivyo kwa kutojua. Walitaka kila kiungo kionekane katika umbo linalokitambulisha zaidi, tena walipima mwili mzima kwa miraba waliyoichora kwanza ukutani: mtu aliyesimama alipewa miraba 18 tangu unyayo hata mwanzo wa nywele. Mfalme walimkuza kuliko watumishi wake, ili cheo kionekane kwa ukubwa.

Mafundi wa pwani yetu walichagua njia nyingine. Katika misikiti na makaburi hawakuchonga watu wala wanyama, kwa kufuata desturi ya dini. Walitumia mraba, mstatili, duara, pembetatu na tao. Wako wasemao kwamba maumbo haya yaliletwa pamoja na Uislamu. Lakini vigae tulivyovitaja vyaonyesha kwamba jicho la mwenyeji lilikuwa limekwisha kuzoea kujaza eneo kwa maumbo ya kurudiarudia. Dini ilipokuja na desturi yake ilikuta macho yaliyo tayari.

Tena liko shamba jingine la maumbo ambalo halikuhitaji jiwe wala udongo, nalo ni mkeka. Msuka mikeka huchana ukindu au miyaa kuwa chane, husuka chane kuwa ukili, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka mkeka utimie. Hachori kwanza. Umbo latokea katika hesabu: chane ngapi zipite juu, ngapi zipite chini, na ni wapi ya rangi iingie. Akikosea moja, kosa lake litakwenda mshazari mpaka mwisho wa ukili. Mikeka ya kale imeoza, hatuna mmoja wa zama za Tongoni wa kuutazama. Lakini kazi yenyewe ingaliko mikononi mwa wanawake wa pwani, nayo yatufundisha kwamba pembetatu na miraba haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Ujazo

Tukirudi Tongoni, twaona kwamba sifa yake kubwa ni nguzo. Mengi ya makaburi yake yalijengewa nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kaburi, nyingine za pembe nne, nyingine za pembe nane. Nyingi zimeanguka au zimevunjika, lakini hata zilizobaki zatosha kuonyesha kusudi la mjenzi. Kuta za kaburi zi fupi; nguzo yapanda juu. Mtu atazamaye huona kwanza ule urefu, ndipo jicho lishuke kwenye kaburi lenyewe.

Mataifa mengi yalisimamisha kitu kirefu ili kukumbusha ukuu. Wamisri walisimamisha mawe marefu mbele ya mahekalu yao. Lakini nguzo ya kaburi kama ya Tongoni ina nchi yake. Yaonekana pwani ya Kenya, kama vile Malindi na Gedi. Yaonekana Ras Mkumbuu katika kisiwa cha Pemba, Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Ni alama ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Anayedai kwamba makaburi haya yamenakiliwa tu kutoka Arabuni au Uajemi yampasa atuonyeshe huko ng'ambo kielelezo kilichonakiliwa, wala si jambo rahisi kwake.

Watu wa karibu na Tanga walijua pia ujazo mdogo wa kushikwa kwa mkono. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa katika mafunzo ya jando na unyago, miongoni mwa Wazigua na Wasambaa na wengineo. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Mfinyanzi hakutaka kuonyesha sura ya mtu fulani. Alitia sehemu zile tu zilizohitajiwa na fundisho, nyingine akaziacha. Hivyo mwanafunzi alisoma kwa macho na kwa masikio pamoja. Ni katika desturi hiyo ya kufundisha kwa vitu ndipo tunapoweza kufahamu jinsi hata kaburi lisilo na maandishi lilivyoweza kueleweka na watu wa zama zake.

Mwanga, kivuli na mguso

Fundi wa mawe wa pwani alikuwa na jiwe lenye tabia ya peke yake. Matumbawe yakatwayo baharini yakiwa mabichi huwa laini, huchongeka kwa wepesi. Yakikaa nje na kukauka huwa magumu. Kwa hiyo kazi ya nakshi ilikuwa na wakati wake. Aliyechelewa alilikuta jiwe limekwisha kumkatalia. Kwa kuta za kawaida walitumia mawe ya namna nyingine yaliyo magumu, wakayaunga kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayo hayo. Na matumbawe laini wakayaweka mahali palipohitaji ncha kali na uso mzuri, kama vile miimo ya milango, matao, na mihrabu.

Katika kuta za makaburi ya Tongoni mna visehemu vya mraba na mstatili vilivyozamishwa kidogo, mfano wa vidaka visivyo na kina. Kwa mtu apitaye saa sita za mchana huenda visionekane kuwa ni kitu. Lakini jua likiwa limeinama, asubuhi au alasiri, kila ukingo hutupa kivuli chake, na ukuta mweupe usio na rangi yoyote hujaa mistari myeusi. Fundi hakupaka kivuli. Alichonga mahali pa kivuli, akaliachia jua kazi iliyobaki. Hii ni sanaa ya watu waliokaa katika nchi ya jua kali na kulielewa.

Aliye na shaka juu ya kiasi cha ustadi uliofikiwa kwa jiwe hili na avuke bahari aende Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Katika mihrabu ya msikiti wa huko mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Humo mstari umekuwa herufi na herufi zimekuwa pambo: shina la herufi lapanda kama mmea, na sehemu iliyochongwa chini yafanya kivuli kinachoziinua herufi. Hapo mstari, umbo, kivuli na mguso vimefanya kazi pamoja hata haviwezi kutenganishwa.

Rangi

Katika Kiswahili majina ya rangi yasiyotoka katika jina la kitu ni machache: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizosalia tumezikopa kwa vitu. Kijani chatoka katika jani, manjano ni bizari, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mwaka 1969 wanazuoni Berlin na Kay walieleza kwamba katika lugha nyingi za dunia majina ya nyeupe, nyeusi na nyekundu ndiyo yanayotangulia kupatikana. Hii haina maana kwamba wazee wetu hawakuona rangi nyingine. Maana yake ni kwamba waliziita kwa kuonyesha kitu, na kitu hicho aghalabu kilikuwa ndicho walichopakia. Msuka mikeka alichemsha chane pamoja na manjano zikawa za manjano. Alitumia mti uitwao mdaa akapata nyeusi. Na ganda la mkoko lilimpa wekundu wa udongo.

Mataifa mengine yalikuwa na sheria zao. Wamisri walipaka ngozi ya mwanamume rangi ya udongo mwekundu na ya mwanamke rangi ya manjano. Wachina walitengeneza vyombo vya kijani kibichi, wakavipenda kwa kuwa vilifanana na jiwe la thamani liitwalo jade. Waajemi nao walijua kupaka vyombo vyao rangi ya samawati yenye kung'aa.

Vyombo hivyo vya Uchina na Uajemi vilifika kwetu kwa majahazi ya msimu, na hapa tunakutana na jambo la ajabu. Bakuli lililotengenezwa kwa chakula halikuishia mezani. Fundi wa pwani alilitia katika nguzo ya kaburi au katika ukuta, mdomo wake ukiwaelekea watazamaji, akalizungushia chokaa. Ukuta wote ni mweupe. Katikati ya weupe huo duara moja la kijani au la samawati. Hakujaza ukuta rangi. Alitumia kidogo, mahali pamoja, na kwa sababu ni kidogo jicho haliwezi kukwepa.

Tongoni mabakuli hayo hayapo tena. Yamebaki matundu yake katika chokaa. Huko Kaole na Kunduchi pia nguzo zilipambwa kwa vyombo vya ng'ambo, na vingi vimeng'olewa.

Nafasi

Makka iko upande wa kaskazini wa pwani yetu. Kwa hiyo msikiti wa Tongoni umeelekea kaskazini, na makaburi yamelazwa mashariki na magharibi ili maiti aelekezwe kibla. Jambo hili la dini ni jambo la sanaa pia, maana limepanga mahali pote. Makaburi hayakutawanyika ovyo. Yote yafuata mwelekeo mmoja. Kila kaburi limefungwa kwa ukuta, na ndani ya ukuta hamna jengo, ni ardhi tupu. Ile ardhi tupu ndiyo yenye mtu. Kuta, vidaka na nguzo vyote vyaizunguka kwa kuiheshimu.

Desturi hii ya kutenga kati na kuipa mpaka yaonekana katika kazi nyingine za pwani zilizokuja baadaye. Kanga, ambayo ni ya karne ya 19, ina pindo lizungukalo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yake. Mlango wa nakshi, kama ile ya karne ya 19 iliyoko Pangani, una miimo miwili na kizingiti cha juu vilivyojaa nakshi, na mfaa katikati upandao wima baina ya mbao mbili. Sisemi kwamba kanga imezaliwa na kaburi. Nasema kwamba watu hawa walipenda mpaka ulio wazi na kati iliyotulia, na wakaendelea kuvipenda.

Ushahidi wa mambo haya

Sasa tuyakusanye. Kaburi la nguzo la Tongoni lina umbo la ujazo ambalo ni la pwani hii. Jiwe lake limetoka katika bahari yake, na chokaa yake imechomwa hapa hapa. Maumbo yake yamechongwa kwa ajili ya jua la hapa. Mwelekeo wake ni wa Uislamu, dini iliyokuja kutoka ng'ambo na kukubaliwa. Bakuli lake ni la Uchina au la Uajemi. Je, kaburi hilo ni la nani?

Kwa msomaji wa jarida la Kiswahili jibu halipasi kuwa gumu. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu. Lakini Mswahili alipolipokea alisikia ndani yake ki- ya ki-ti na ki-su, akasema vitabu. Mwarabu hasemi hivyo. Neno ni la kupokewa, lakini sarufi iliyolitawala ni ya Kibantu, na kwa sababu hiyo hakuna awezaye kusema kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Derek Nurse na Thomas Spear walieleza habari hiyo ya lugha na historia kwa wingi wa ushahidi katika kitabu chao cha mwaka 1985. Bakuli la Uchina katika nguzo ya Tongoni liko hali moja na neno kitabu. Chombo ni cha kigeni. Mahali kilipowekwa, mdomo ulivyoelekezwa, weupe unaokizunguka na nguzo inayokiinua, hiyo ndiyo sarufi, nayo ni ya hapa.

Mtu asidhani kwamba nawakana wageni. Uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na nasaba ya Kiafrika pamoja na ya Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hadithi za wazee juu ya Washirazi basi hazikuwa za bure. Lakini wajenzi wa Tongoni, kwa vyovyote vile damu yao ilivyokuwa, walijenga kwa namna isiyoonekana Shiraz. Walikuwa watu wa hapa wakijenga jambo la hapa.

Hasara na wajibu

Sheria ya kulinda mambo ya kale imekuwako katika nchi yetu tangu mwaka 1964. Hata hivyo sheria haizuii mvua, wala upepo wa chumvi, wala mizizi ya miti ipenyayo katika kuta. Wala haikuweza kuwazuia wote walioona bakuli wasione kaburi. Mwizi wa bakuli hudhani amechukua kitu kimoja. Kwa kweli ameliondoa neno katika sentensi, na sentensi iliyobaki haisomeki. Bakuli hilo likiwekwa katika kabati la mtu mbali na hapa, huwa ni bakuli la Kichina tu kama maelfu mengine. Halisemi tena neno juu ya Mtang'ata.

Hasara ya pili haina mwizi, na kwa hiyo haionekani upesi. Ni hasara ya maneno. Katika makala haya nimetumia chane, ukili, kidaka, mwimo, mfaa, pindo na mji. Haya si maneno ya vitabuni. Ni ya wasukaji, waashi, maseremala na wavaaji wa kanga. Kila moja lina ndani yake jambo la msingi la sanaa lililokwisha kufikiriwa na kupewa jina. Siku hizi mwanafunzi afundishwapo sanaa aghalabu hupewa maneno mapya yaliyoundwa ofisini, hali bibi yake nyumbani analo neno lililo bora, wala hakuulizwa. Wazee hao wakiondoka na maneno yao, tutabaki na vitu tusivyoweza kuvisema, kama tulivyobaki na makaburi yasiyo na majina.

Kwa hiyo kuna kazi mbili ziwezazo kufanywa bila fedha nyingi. Ya kwanza ni walimu wa shule za Tanga, Muheza na Pangani kuwapeleka wanafunzi Tongoni na karatasi na penseli, waichore nguzo moja moja, pande zake zote, na kuandika vipimo vyake na tarehe ya siku ile. Mchoro wa mtoto uliopimwa vizuri utakuwa na thamani kubwa siku nguzo hiyo itakapoanguka. Ya pili ni kuyakusanya maneno ya kazi za mikono kutoka kwa wenyewe, kila neno pamoja na kitu chake na mchoro wake, na kuyatia katika kamusi. Kazi hiyo ya pili ni ya watu wa lugha, wala hatuna wa kumsukumia.